Wale Ni Sisi: Historia Fupi ya Hadithi za Kisayansi

Vijana wenzangu wa Dzaleka, na nyinyi wandugu mnaotoka Lilongwe asubuhi kuja kufanya kazi na sisi halafu mnarudi jioni. Leo zamu ya kuandika ni yangu. Tulikubaliana kila mtu alete kitu cha historia, na mimi nimechagua historia ya hadithi za kubuni za kisayansi. Ndiyo, zile za roboti, vyombo vya angani na watu wa sayari nyingine. Najua kuna mtu atasema, "Mafuta ya kula yamepanda bei, wewe unatuletea mambo ya sayari?" Soma kwanza mpaka mwisho, halafu utanigombeza.

Sababu yangu ni hii. Jumamosi moja nilikuwa nasaidia watoto kwenye kipindi cha kusoma. Tukawapa kazi: andika hadithi inayotokea miaka hamsini ijayo. Walikuwa watoto ishirini na kitu, na karibu wote waliandika hadithi moja. Ndege inakuja, familia inapanda, inakwenda Canada au Australia, mwisho. Hakuna aliyeandika kinachotokea baada ya kushuka kwenye ndege. Ni binti mmoja tu, wa miaka kumi na tatu hivi, aliyeandika tofauti. Kwake ni mwaka 2075. Dzaleka bado ipo. Yeye ni bibi kizee, yuko kwenye foleni, na mashine inamwangalia jicho halafu inamwambia, "Subiri."

Nikamuuliza kwa nini ameandika hivyo. Akanijibu, "Yaya, kwenye filamu za kesho sijawahi kuona watu kama sisi. Kwa hiyo nimejiweka mahali ninapopajua."

Wandugu, jibu hilo lilinikaa kichwani wiki nzima. Nikaanza kutafuta: hizi hadithi za kesho zilianzia wapi, nani alizianzisha, na nani alikuwa na ruhusa ya kuwemo ndani yake? Nilichokipata ndicho ninachowaletea.

UNGO NA INJINI

Tuanze na maana, maana wengi tunachanganya. Sisi sote tumekua tukisikia habari za mchawi anayeruka usiku na ungo. Hapa Malawi wanasema lichero, ni kitu kilekile. Hadithi ya ungo haina haja ya kukueleza ungo unarukaje. Ni uchawi, basi, msikilizaji anakubali na hadithi inaendelea.

Sasa chukua ungo huohuo, ufunge injini. Sema kuna fundi mmoja amegundua namna ya kuurusha, na kila nyumba inaweza kununua wa kwake. Hapo maswali yanaanza. Mafuta yatatoka wapi, na nani atayauza? Wenye minibus za Lilongwe watakula nini? Na mtu asiye na kibali cha kutoka kambini akipita juu kwa juu, sheria itamshikaje? Ukianza kujibu maswali hayo kwa akili, hatua kwa hatua, umeshatoka kwenye uchawi. Umeingia kwenye hadithi ya kisayansi.

Kuna mtaalamu anaitwa Darko Suvin, alizaliwa Zagreb mwaka 1930, baadaye akahamia Canada na kufundisha Montreal. Katika miaka ya 1970 alitoa maelezo ambayo wasomi wanayatumia mpaka leo. Alisema aina hii ya hadithi ina vitu viwili vinavyokwenda pamoja: ugeni na akili. Mwandishi analeta kitu kipya ambacho hakimo katika dunia yetu, lakini akili inaweza kukikubali, na kitu hicho kinabadilisha maisha yote yanayokizunguka. Ukimaliza kusoma, unarudi kuiangalia dunia yako kama mgeni aliyefika leo.

Hapo mimi nilicheka peke yangu. Si ndiyo maisha yetu? Mtu akifika hapa akitokea Kivu, Bujumbura au Kigali, wiki ya kwanza anashangaa kila kitu: lugha, pesa, salamu, hata namna watu wanavyopika nsima. Anauliza maswali ambayo mwenyeji hajawahi kujiuliza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa maelezo ya Suvin, mkimbizi ni msomaji ambaye ameshafanya nusu ya kazi kabla hajafungua kitabu.

MSICHANA WA MIAKA KUMI NA NANE

Mwanzo wenyewe wataalamu wanabishana, lakini wengi wanautaja mwaka 1818. Ndipo kilipotoka kitabu cha Mary Shelley, Mwingereza, kinachoitwa Frankenstein. Alianza kukiandika mwaka 1816 akiwa karibu na ziwa la Geneva, na alikuwa na miaka 18 tu. Mwaka huo Ulaya ilikuwa na baridi na mvua isiyo ya kawaida, kwa sababu mlima Tambora wa Indonesia ulilipuka mwaka 1815 na majivu yake yakapunguza jua. Waliotoka Goma mnajua vizuri mlima ukilipuka maisha yanavyogeuka.

Katika kitabu hicho, kijana msomi anakusanya viungo vya maiti na kuvipa uhai. Hakuna jini wala mzimu, ni elimu ya maabara. Lakini akishamuona kiumbe wake anaogopa sura yake, anamkimbia. Kiumbe anabaki bila jina, bila ndugu, kila mlango anaobisha anafukuzwa, mpaka anageuka kuwa mkali. Swali la Shelley ni hili: ukiunda kitu, halafu ukakitupa, kosa litakalofuata ni la nani? Swali hilo bado linaulizwa leo kwa watu wanaotengeneza mashine zenye akili.

PUTO LILILOANZIA ZANZIBAR

Wengi wanajua jina la Jules Verne, Mfaransa. Riwaya iliyompa jina ilitoka mwaka 1863, na inahusu majuma matano ndani ya puto. Na puto hilo linaanzia wapi? Zanzibar! Wasafiri watatu wanaruka kutoka pwani yetu ya Waswahili, wanaikata Afrika kutoka mashariki mpaka Senegal. Kitu kipya cha Verne kilikuwa mtambo wa kupasha gesi moto, ili puto lipande na kushuka bila kupoteza gesi wala kutupa mizigo. Yeye mwenyewe hakuwa amefika huku. Alitumia habari za wapelelezi kama Burton na Speke, waliofika ziwa Tanganyika mwaka 1858.

Sasa sikilizeni watu wetu wamewekwa wapi. Puto likifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, wenyeji wanadhani ni mwezi umeshuka, na wageni wanapokelewa kama watoto wa mwezi. Halafu mwezi wenyewe unachomoza, udanganyifu unajulikana, wageni wanakimbilia puto lao. Msomaji wa Paris alicheka. Lakini Wanyamwezi wa wakati huo walikuwa wapagazi na wafanyabiashara wakubwa, misafara yao ilitembea mpaka pwani na kurudi. Walijua njia kuliko mgeni yeyote. Ndani ya kitabu hawajui hata mwezi.

Kwa hiyo tangu mwanzo tulikuwemo kwenye hadithi hizi, ila tulikuwa chini, tukiangaliwa kutoka juu. Kesho ilikuwa inapita kichwani kwetu na wenyewe wakiwa wamekaa ndani.

WALIOGEUZA MEZA

Si wote walioandika hivyo. H. G. Wells, Mwingereza, alitoa kitabu chake cha mashine ya kusafiri katika wakati mwaka 1895. Mwaka 1898 akatoa kingine, ambamo watu wa sayari ya Mars wanaivamia Uingereza kwa mashine za miguu mitatu na miale inayochoma. Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yanamalizia kuigawana Afrika. Wells akaigeuza meza: leo London ndiyo inayokimbia, watu na mizigo yao barabarani. Na mwanzoni mwa kitabu anawakumbusha wasomaji jinsi Wazungu walivyowamaliza wenyeji wa Tasmania. Yaani aliwaambia, mnachokiogopa kutoka Mars ndicho mlichowafanyia wengine.

Mwingine ni Karel Čapek, mwandishi wa Prague. Mwaka 1920 aliandika mchezo wa kuigiza unaoitwa R.U.R., na humo ndimo lilimotoka neno roboti. Limetokana na neno la Kicheki, robota, maana yake kazi ya kulazimishwa, ile ambayo mkulima alimfanyia bwana mwenye ardhi bila malipo. Ndugu zetu Wamalawi wana neno lao, thangata, kazi ambayo walowezi waliwatoza watu waliokaa kwenye mashamba yao. Hasira ya thangata ilikuwa mojawapo ya sababu za mapinduzi ya John Chilembwe mwaka 1915. Miaka mitano baadaye, mbali sana na hapa, Čapek anaandika kuhusu wafanyakazi waliotengenezwa kiwandani wasio na haki yoyote, nao wanainuka dhidi ya mabwana zao. Kwa hiyo ukisikia neno roboti usifikirie chuma peke yake. Ndani yake kuna jasho la mtu.

JINA LINAPATIKANA

Mpaka hapo hadithi hizi hazikuwa na jina moja. Jina lilipatikana Marekani, na aliyelieneza alikuwa mhamiaji. Hugo Gernsback alizaliwa Luxembourg mwaka 1884, akaenda Marekani mwaka 1904. Aprili 1926 alianzisha jarida la Amazing Stories, la kwanza lililobeba hadithi za aina hii tu. Alianza kwa kuchapa tena kazi za Verne na Wells. Kufika mwaka 1929 jina tunalolifasiri leo kuwa hadithi za kubuni za kisayansi lilikuwa limeshashika kwenye majarida yake.

Gernsback alifanya jambo lingine dogo lakini kubwa. Alichapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao. Basi wasomaji wakaanza kuandikiana wenyewe, wakaunda vikundi, wengine wakawa waandishi. Ni kama kundi letu hili, mtu anaanza kwa kusoma na kubonyeza kidole gumba, kesho unasikia ameandika.

Lakini mlango haukuwa wazi kwa wote. Samuel Delany, Mmarekani mweusi, ameeleza kwamba mhariri mkubwa wa majarida hayo, John W. Campbell, alikataa riwaya yake Nova kwa hoja kwamba wasomaji wasingemkubali shujaa mweusi. Riwaya ilitoka mwaka 1968 kwa wachapishaji wengine. Fikiria: msomaji anakubali roketi inayopita kati ya nyota, lakini mtu mweusi kuiendesha, hapana! Nikamkumbuka yule binti. Kumbe hakuwa anaona vibaya. Kuna watu walikaa mlangoni.

Aliyeusukuma mlango huo zaidi ni Octavia Butler, mzaliwa wa California, ambaye mama yake alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Mwaka 1993 alitoa Parable of the Sower, na akaiweka hadithi yake kuanzia mwaka 2024. Humo hakuna vita vya angani. Kuna ukame, moto, bei ya maji, na msichana mweusi anayeitwa Lauren ambaye anafunga begi lake mapema, na mbegu ndani yake, kwa sababu anajua siku moja ukuta wa mtaa wao utavunjwa. Ukavunjwa kweli. Anatembea barabarani kuelekea kaskazini, anakusanya watu njiani, mpaka wanapata mahali pa kuanza upya. Mwaka mmoja baada ya kitabu hicho, 1994, Dzaleka yetu ilifunguliwa kuwa kambi, kwenye eneo ambalo serikali ya Kamuzu Banda ilitumia kama gereza la kisiasa. Mimi nikikisoma kitabu kile sioni ndoto za mbali. Naona begi la mama.

NA SISI WA KISWAHILI?

Tumeandika, tena zamani. Shaaban Robert alitoa Kusadikika mwaka 1951, habari za nchi inayoelea angani, ambayo iliwatuma wajumbe sita kutafuta maarifa pande zote, na kila aliyerudi na jambo jema akafungwa. Kwa kipimo cha Suvin hiyo siyo hadithi ya kisayansi kamili, maana hatuelezwi nchi inaeleaje. Ni fumbo la siasa. Lakini mimi naiita babu yake. Baadaye Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, katika Mzingile ya mwaka 1991, akatupeleka kwenye dunia iliyobaki baada ya maangamizi makubwa.

Ila kitabu kilichonishika ni Walenisi cha Katama Mkangi, Mkenya wa pwani, kilichotoka mwaka 1995. Mkangi alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, na katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini na serikali ya wakati ule. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo. Anafungiwa kwenye chombo cha angani ambacho kinatakiwa kuwa jeneza lake. Badala ya kufa, anafika kwenye sayari nyingine ambapo watu wanaishi kwa usawa. Sayari hiyo inaitwa Walenisi. Lisome jina hilo polepole: wale-ni-sisi. Mtu aliyewahi kufungwa amechukua chombo cha kifo akakigeuza kuwa usafiri, na alipofika mbali kabisa, amewakuta watu ambao ni sisi.

Wapo na wengine. Emmanuel Dongala wa Congo-Brazzaville, ambaye mwenyewe alilazimika kuikimbia vita ya kwao, ana hadithi fupi ambayo wavamizi wa kutoka angani wanashindwa kwa pombe ya mnazi na muziki wa jazi. Mwaka 2009 Wanuri Kahiu wa Kenya alitoa filamu fupi, Pumzi. Dunia imekauka baada ya vita ya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho lao na mkojo wao vinasafishwa wanywe tena, na kuota ndoto kunazuiliwa kwa dawa. Mwanamke anayeitwa Asha anapata udongo hai, anatoka nje ya jengo kwenda kupanda mbegu. Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2016 alipata tuzo ya Hugo, iliyoitwa kwa jina la yule mhamiaji Gernsback, kwa Binti, habari za msichana Mhimba anayekwenda kusoma chuo kilicho sayari nyingine.

Na hapahapa Malawi yupo Shadreck Chikoti. Riwaya yake Azotus the Kingdom, ya Afrika ya wakati ujao, ilipata tuzo ya Peer Gynt mwaka 2013. Kisha akaanzisha mradi wa Imagine Africa 500, waandishi wakaombwa kuifikiria Afrika miaka mia tano ijayo, na hadithi zao zikatoka kitabu. Miaka mia tano, wandugu! Sisi hapa tunafikiria mgao wa mwezi ujao.

KESHO ILISHAFIKA HAPA

Kuna jambo moja la mwisho. Mwaka 2013 UNHCR ilipotaka kujaribu mfumo mpya wa kuwatambua watu kwa alama za vidole, mboni za macho na sura, ililifanya jaribio hilo hapa Dzaleka, kabla mfumo haujasambazwa nchi nyingine. Mimi nilikuwa mtoto. Tuliweka vidole, tukafumbua macho, mashine ikatujua. Hiyo ni hadithi ya kisayansi kabisa: kitu kipya kinaingia, maisha yanabadilika. Kwa hiyo yule binti na mashine yake ya jicho hakubuni kutoka hewani. Alichukua kitu kilichopo akauliza, kikiendelea hivi miaka hamsini itakuwaje? Wells na Butler walifanya kazi hiyohiyo.

Hapa naongea na nyinyi mnaofanya kazi na sisi. Mkimbizi tangu anafika anaulizwa jana. Ulikimbia nini, lini, nani alikufa, njia gani ulipita? Unairudia mpaka unaweza kuisema ukiwa usingizini. Maswali hayo yana kazi yake, siyakatai. Lakini kesho tunaulizwa kidogo sana, na tukiulizwa inakuwa nchi gani tu ungependa kwenda. Mtoto akiulizwa jana kila siku, ataona kesho ni ndege tu, na baada ya ndege hakuna kitu. Mkileta daftari na kalamu, leteni pia swali la miaka hamsini ijayo.

Na kwa vijana wenzangu: kuandika hivi hakuhitaji maabara. Unahitaji kitu kimoja kipya na maswali ya ukweli. Maji ya kisima yakianza kulipiwa kwa simu, nini kitatokea? Kiswahili cha Dzaleka kikiwa lugha ya watoto wote wa Dowa mwaka 2090, watagombana vipi, watachumbiana vipi? Andika kwa Kiswahili hichihichi tunachoongea, na makosa yake. Tutarekebisha pamoja.

Nilirudi kwa yule binti. Sikumwambia abadilishe hadithi yake, maana ni nzuri na inauma. Nilimuuliza tu swali moja: hiyo mashine ya jicho mwaka 2075, nani ameitengeneza, na nani ana ufunguo wa kuifungua? Alinyamaza kidogo, akachukua daftari lake. Jumamosi iliyopita nilimuuliza amefika wapi.

"Bado, Yaya," akasema. "Imekuwa ndefu."